Jina Chini ya Rangi

Sehemu ya tisa

Mlimwacha juu ya ngazi, wasomaji wangu, na bado yuko juu ya ngazi. Msasa mkononi, vumbi la rangi puani, na nyuma yake sauti ya mwanamume inasema:

"Weka msasa chini, Fundi. Polepole."

Fundi hakuuweka. Mwanamke huyu ni mkaidi siku zote, na leo alikuwa na sababu.

Mbele yake ulisimama ubao wa mabingwa wa klabu ya gofu, mweusi, mrefu kuliko mlango, wenye mistari sabini na mitano ya dhahabu, mmoja kwa kila mwaka wa klabu. Alikuwa ameajiriwa aukwangue wote na kuuandika upya, maana Jumamosi klabu inatimiza miaka hiyo sabini na mitano na wakubwa wote watakuwepo. Akafika mstari wa thelathini na nne. Rangi ilipotoka, chini yake likatokea jina jingine. Jina la mjomba wake, kamili, kama alivyopewa na mama yake mzazi.

Aliyekuwa chini ya ngazi ni Katibu wa klabu, mtu mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni na ujasiri mdogo moyoni. Akaufunga mlango wa ukumbi, akaujaribu kama umefungika.

"Mstari huo una jina la nani?" akauliza.

"Juu ya rangi, baba yake Mwenyekiti. Chini ya rangi, mjomba wangu."

"Chini ya rangi hakuna jina. Kuna mikwaruzo."

"Mikwaruzo gani inasomeka hivi, Katibu? Panda usome."

Katibu akapanda ngazi mbili, akasoma, akashuka. Uso ulikuwa umempauka.

Hapa niwaeleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa ubaya uliofanyika. Ubao ule ni wa mti mgumu wenye mafuta, na rangi ya dhahabu huteleza juu yake. Kwa hiyo marehemu baba yake Fundi, aliyeuandika kwa miaka arobaini na zaidi, alikuwa akichora kila herufi kwa msumari mwembamba kwanza, ndipo anapitisha brashi. Na desturi ya klabu ilikuwa jina liandikwe siku ileile, bingwa akiwa bado na kombe mkononi. Baba juu ya ngazi, na mtu chini amemshikia kopo, anakoroga bila kupumzika, kwa sababu dhahabu huzama. Fundi mwenyewe alilishika kopo hilo tangu akiwa na miaka kumi. Siku hizi hana wa kumshikia, amelifunga kwa waya kwenye ngazi.

Basi mwandiko wa chini ya rangi aliujua. Ile herufi yenye mkia uliopinda kushoto ilikuwa ya baba yake. Na mwandiko wa juu ya rangi ulikuwa wa baba yake vilevile.

"Kitabu cha historia kimeshachapishwa," Katibu alisema. "Nakala mia tatu zimo kwenye makasha. Kinasema mwaka ule alishinda baba yake Mwenyekiti. Unataka nifanye nini, nizitafune?"

"Kitabu chenu kinasema pia waanzilishi walikuta pori tupu. Bibi yangu alizaliwa katika hilo pori tupu. Kulikuwa na nyumba kumi na moja."

"Fundi, nisikilize. Mkataba wa klabu ulikuwa wa baba yako, na umekwisha naye. Mpya uko mezani kwangu, una jina lako. Mabango, namba za mashimo, ubao huu, kila kitu. Ziba hiyo mikwaruzo, andika kilichomo kitabuni, Jumamosi jioni unasaini."

Mnadhani alimtupia kopo la rangi? Hata mimi nilitarajia hivyo.

"Sawa, Katibu," Fundi akasema. "Niachie ufunguo."

Na Katibu, kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, akamwachia.

*

Mjomba ni dobi. Chumba chake kina meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili nzito, na kamba iliyojaa mashati meupe yenye namba za wenyewe kwenye kola. Anapiga pasi nguo za mtaa mzima, hata mashati ya wanachama wa klabu yakiletwa. Koti la kijani lenye nembo ya klabu hapigi. Ukilileta atalikunja, atakurudishia, wala hatakuambia kwa nini.

Mtaani wanamwita Bingwa. Lisikupeni moyo jina hilo, alipewa kwa dhihaka. Tangu ujana wake alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kushinda kombe kubwa la klabu, yeye, kedi, mbeba mifuko ya fimbo za watu. Nani angeamini? Kila alipoingia sebuleni kwa dada yake, baba yake Fundi alikuwa wa kwanza kupaza sauti: "Bingwa huyo! Mpeni kiti, kombe limemchosha!" Na nyumba nzima inaangua kicheko, watoto mpaka wanagaragara chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea nguo au maneno?"

"Maneno."

"Hayo sipigi pasi. Kaa hapo kwenye kikapu."

Fundi akakaa. "Mjomba, nisimulie tena ile siku."

Mjomba akamtazama kwa jicho la pembeni. "Na wewe umetumwa ukachekelee?"

"Sichekelei. Nisimulie."

Akanyunyiza maji kwenye shati, akaanza, mkono ukienda na kurudi. Daktari wa meno ambaye Mjomba alikuwa akimbebea mifuko alivunjika kifundo cha mkono wiki ya shindano. Kanuni ilimruhusu mwanachama aliyeumia kuteua mpigaji badala yake, na jina la mpigaji ndilo liandikwe ubaoni. Wakubwa walikuwa wameitunga kwa ajili ya watoto wao wa kiume. Daktari akamteua kedi wake.

"Walicheka mpaka shimo la tisa," Mjomba alisema. "Shimo la kumi na mbili wakanyamaza. La kumi na nane nilimshinda baba yake huyu Mwenyekiti kwa pigo moja. Moja tu. Wakanitoa kwa mlango wa jikoni kabla kombe halijafika mezani, na langoni wakaambiwa nisiingie tena. Daktari wa meno alihama mji mwezi uleule, nasikia alifia huko."

"Na ubao? Uliuona?"

"Ningeuona wapi? Nilimuuliza baba yako. Nikamwambia, shemeji, umeniandika? Akaniambia, nimefika nikakuta wameshaniandikia jina kwenye karatasi, na halikuwa lako. Nikasema basi. Angefanya nini, masikini, na yeye ni mfanyakazi tu."

Fundi alikuwa amekuja kumpa mtu furaha, na sasa aliona furaha hiyo ina miba.

"Mjomba, jina lako limo. Nimelikuta chini ya rangi, limechorwa kwa msumari."

Pasi ilimaliza mkono wa shati. Ikamaliza na kola. Mjomba akalikunja lile shati, akalifunga kifungo cha juu, akaliweka na wenzake.

"Mwandiko wa nani?"

Fundi akatazama mashati kambani.

"Nimekuuliza, mtoto wa dada."

"Wa baba."

"Na rangi ya juu?"

"Ya baba."

Mjomba akavuta kiti, akakaa. Alionekana amepungua. "Kwa hiyo alijua," akasema. "Miaka yote ile ananipa kiti, anacheka, machozi yanamtoka, na alijua."

Fundi alimuonea uchungu. Akataka kusema kwamba baba alikuwa fundi wa kupindukia, kwamba ukikosea herufi alikuamuru uparue ubao mpaka alama ya msumari iishe kabisa, na ile moja aliacha. Labda aliiacha makusudi. Labda aliona haya. Lakini labda alikuwa na haraka tu.

"Alikuwa peke yake?" Mjomba akauliza ghafla.

"Sijui."

"Haya. Jumamosi nitakuja. Lakini sikiliza. Kwa jikoni nilitolewa, kwa jikoni siingii."

*

Mama yake alikuwa anakunja mashuka. Hakuacha kukunja aliposikia.

"Baba yako hajamaliza hata mwaka kaburini," alisema. "Unataka kumvua nguo mbele ya watu?"

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mimi nilikuwa naosha glasi jikoni kwao. Mtu wa jikoni anajua nini?"

"Nakuuliza wewe, siulizi mtu wa jikoni."

"Shika ncha hiyo." Fundi akashika, wakanyoosha shuka, wakakutana katikati, mikono ikagusana. Ya mama ilikuwa ya baridi. "Nyumba hii imejengwa na ule mkataba. Wewe umesomeshwa na ule mkataba. Na usijifanye malaika. Ulikuwa na miaka sita unamrukia mapajani, 'Bingwa, tuonyeshe kombe lako!' Ulicheka kuliko sote."

Yalikuwa ya kweli, na yaliuma kama maneno ya kweli yanavyouma yakitoka kwa mzazi.

"Ndiyo maana nitaliandika," Fundi akasema.

Mama akalichukua lile shuka peke yake, akalikunja tena upya ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

*

Jumamosi, saa sita mchana. Ubao umefunikwa kitambaa cha kijani. Viti mia mbili, makoti ya kijani mia mbili, na kila kiti kina nakala ya kitabu cha historia. Katibu alikuwa amempa Fundi kadi mbili za mwaliko, moja ya mjane wa marehemu, moja yake mwenyewe. Ya kwanza alimpa mama. Ya pili alimpa Mjomba.

Mlinzi wa lango kuu akaigeuza kadi mara tatu, akamtazama mzee huyu aliyevaa shati jeupe lililonyooka kuliko ya wanachama wote, akamfungulia. Fundi mwenyewe akazungukia jikoni, akapita katikati ya masinia na wapishi, akasimama mlangoni mwa ukumbi akiwa na rangi kwenye kucha.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Ni mtu mnene, sauti laini, wa kumpenda usipomjua.

"Klabu hii ni familia," alisema. Wakapiga makofi. "Kama ilivyo desturi, nitasoma majina, na kila jina likisomwa, mwenyewe au wa ukoo wake atasimama tumpongeze."

Katibu akavuta kamba. Kitambaa kikaanguka. Dhahabu mpya ikawaka, watu wakasema aah, na Mwenyekiti akaanza kusoma, macho kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza, mjukuu akasimama. Mwaka wa pili, binti. Wakasimama, wakainama, wakaketi, mpaka nyayo za Fundi zikaanza kuungua.

"Mwaka wa thelathini na nne," Mwenyekiti akasema, akatabasamu. "Huyu, mniwie radhi, ni baba yangu mzazi."

Makofi yakaanza, kisha yakafa. Waliokaa mbele, wenye miwani, walikuwa wanatazama ubao. Hakuna jina la baba yake pale.

Na katika safu ya mwisho mzee wa shati jeupe alikuwa amesimama.

"Mzee, kaa tafadhali," Mwenyekiti akasema.

"Nimekaa miaka arobaini na mmoja."

Minong'ono ikazagaa ukumbini. Mwenyekiti akageuka, akausoma mstari taratibu, akamtafuta Katibu kwa macho. Katibu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Fundi amekosea," Mwenyekiti akasema kwa ule ulaini wake. "Itarekebishwa."

"Sijakosea!" Fundi akapaza sauti toka mlangoni. "Jina lilikuwemo chini ya rangi. Limechorwa kwa msumari. Gusa, utalisikia kwa kidole!"

"Bila shaka nitalisikia. Msumari wa nani, dada? Si wako? Umekuwa na ufunguo wa ukumbi huu siku nne, na huyu, nimeambiwa, ni mjomba wako."

Kicheko kidogo kikapita kwenye makoti ya kijani. Fundi hakuwa ameliwaza hilo hata kidogo! Kwa kupitisha brashi yake juu ya mwandiko wa baba, alikuwa ameuharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

"Katibu," akasema, "wewe uliliona kabla sijaligusa. Sema."

Katibu akasafisha koo. "Mimi niliona mikwaruzo."

"Umesikia, mzee," Mwenyekiti akasema. "Una shahidi mwingine? Mmoja tu, nami nitakuomba radhi mbele ya hawa wote."

Daktari wa meno alikufa, na shemeji alikufa. Mjomba akaanza kujishusha kitini, taratibu, kama alivyokuwa akijishusha sebuleni kwao watu wakicheka.

"Yupo."

Sauti ilitoka safu ya pili, kwenye viti vya wageni wa heshima. Mama yake Fundi alikuwa amesimama, kitabu cha historia amekikumbatia.

"Nilikuwa jikoni siku ile," alisema. "Mume wangu alikuja akaniita, akasema, njoo uone, mdogo wako ameshinda. Nilitoka na aproni yangu. Yeye akapanda ngazi, mimi nikamshikia kopo. Aliandika herufi kwa herufi, mimi nakoroga, nalia kwa furaha." Akavuta pumzi. "Baada ya siku tatu tukaitwa na baba yako, Mwenyekiti. Akampa mume wangu kazi ya maisha na karatasi yenye jina lake yeye, la kuandikwa ubaoni. Mume wangu akapanda ngazi tena. Na mimi nikamshikia kopo tena."

Masinia ya jikoni yalisikika mpaka ukumbini. Mwenyekiti alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni.

Fundi alitaka kushangilia. Walikuwa wameshinda! Akageuka amtazame mjomba wake, na furaha ikamkauka.

Mjomba hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Wewe?"

"Kopo tu, mdogo wangu. Nilishika kopo tu."

"Na kucheka je?"

Mama akateremsha macho kwenye kile kitabu. Miaka yote ile alikuwa kwenye kiti kilekile cha sebuleni, karibu na mumewe, na alicheka.

Mjomba akatoka kwenye safu. Watu wakampisha. Mlango wa jikoni ulikuwa kulia na lango kuu lilikuwa kushoto, yeye akaenda moja kwa moja mbele, akasukuma milango ya vioo, akatokea barazani. Mifuko ya wanachama ilikuwa imepangwa pale kwa ajili ya mchezo wa alasiri. Akachagua mfuko, akatoa mpira na kijiti cha kuuwekea, akachomoa fimbo ndefu, akaipima uzito kama anavyopima pasi.

Dada yake alikuwa ameshamfikia, anahema. "Ngoja basi. Jua kali. Nipe hiyo kadi na miwani nikushikie, usije ukaviangusha..."

"Dada," alisema, bila kugeuka. "Usinishikie kitu chochote tena."

Akashuka ngazi, akaingia kwenye majani, mahali ambapo miguu yake haikuwa imekanyaga kwa miaka arobaini na mmoja. Akasimama pa kuanzia shimo la kwanza. Akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akachomeka kijiti, akaweka mpira juu yake. Mpira ukaanguka. Akauweka tena.

"Mlinzi!" mtu mmoja akaita.

Walinzi wawili wakakimbia. Mwenyekiti, aliyekuwa ametoka barazani na makoti ya kijani yote nyuma yake, akanyoosha mkono kuwazuia. Ule ulaini ulikuwa umemrudia, na Fundi akajua papo hapo kwamba jambo baya linakuja.

"Mwacheni," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Si anasema ni bingwa? Mpeni nafasi, apige. Na sisi tutazame."

Watu mia mbili wakasogea kwenye ukingo wa baraza, wengine na glasi mkononi. Tayari midomo ilikuwa imeanza kupinda. Fundi akakitambua kicheko kile kabla hakijamtoka mtu yeyote, maana alilelewa nacho, ndicho kile cha sebuleni kwao.

Kule chini, mzee wa miaka sitini na mitano, ambaye hakuwa ameshika fimbo tangu ujana wake, akapanua miguu na kuinua mikono.